Tuwatafute Wasioonekana: Maneno kwa Viongozi wa Jumuiya Kuelekea Kwaresima

(Hotuba ya katekista kwa viongozi wa Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo, parokia mojawapo ya Dar es Salaam, Dominika ya tarehe 15 Februari 2026)

Tumsifu Yesu Kristo!

Baba Paroko, Masista wetu, makatekista wenzangu, wenyeviti na makatibu wa jumuiya, viongozi wa WAWATA ya akina mama, UWAKA ya akina baba na VIWAWA ya vijana, walezi wa Utoto Mtakatifu, na ninyi wanakwaya mlioacha mazoezi ya alasiri hii ili mketi nasi: asanteni kwa kuja, na poleni kwa joto.

Jumatano hii, tarehe 18, tunapakwa majivu. Kila mwaka kikao kama hiki huwa cha ratiba: jumuiya ipi inaongoza Njia ya Msalaba Ijumaa ipi, nani anagawa bahasha, lini mafungo ya akina mama, lini ya vijana. Ratiba ipo na mtaondoka nayo. Ila Baba Paroko amenipa nafasi nizungumze, na nimeona nizungumze juu ya watu ambao majina yao hayapo kwenye ratiba hiyo. Ni wale waliokuwa wanasali nasi, sasa hawaonekani. Tunawajua kwa nyumba zao. Tunapita mlangoni kwao Jumamosi asubuhi tukienda jumuiya, na wao wanatuchungulia dirishani.

Sikilizeni vizuri somo la kwanza la Jumatano, lile la Nabii Yoeli. Nabii anaagiza tarumbeta ipigwe Sayuni, kisha anataja wa kukusanywa: wazee, watoto, hata wanaonyonya. Bwana arusi naye anatolewa chumbani mwake. Hakumwambia kila mtu akafunge kivyake huko kwake. Aliita kusanyiko zima. Mababa wa Mtaguso wa Pili wa Vatikano, ule mkutano mkuu wa maaskofu wa dunia nzima, walifuata njia hiyohiyo katika hati yao juu ya Liturujia, mwaka 1963. Namba 110 inasema toba ya Kwaresima isiishie moyoni mwa mtu mmoja mmoja, iwe pia ya nje na ya kijamii. Sisi tumezoea kumuuliza mtu, "Mwaka huu umeacha nini?" Mmoja ameacha soda, mwingine bia, mwingine simu usiku. Ni vizuri, endeleeni. Lakini swali la Mtaguso linatuhusu sote kwa pamoja: jumuiya yenu, kama jumuiya, inatubu nini?

Nitapita haraka kwenye sheria, maana nyingi mnazijua na bado kila mwaka naulizwa. Siku za kufunga kwa lazima ni mbili, Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu. Mlo kamili mmoja, na kitu kidogo mara mbili kama mtu anahitaji. Kufunga kunamhusu aliyetimiza miaka 18 hadi anapoingia mwaka wa 60. Kuacha nyama kunaanzia miaka 14, hakuna mwisho wa umri, na ni kwa Ijumaa zote za Kwaresima pamoja na Jumatano ya Majivu. Kuku ni nyama. Samaki na dagaa ruksa, lakini mtu akiacha nyama ya kawaida akanunua changu mkubwa wa kukaanga na kachumbari, ajiulize mwenyewe amejinyima nini, na kile alichookoa kimemfikia nani. Mgonjwa, mama mjamzito, anayenyonyesha, na anayekunywa dawa zinazohitaji chakula wasijitese. Keshokutwa Jumanne inatimia miaka 60 tangu Papa Paulo VI atoe hati yake juu ya toba, Paenitemini, tarehe 17 Februari 1966. Humo hakusahau kwamba wako Wakristo ambao maisha yenyewe tayari ni mfungo. Hao wanaalikwa kuyaunganisha mateso yao na Msalaba kwa sala, huku wakiendelea kutafuta haki zaidi katika jamii. Kwa hiyo ukimkuta mwanajumuiya anayekula mara moja kwa siku kwa sababu hana cha pili, usimfundishe kufunga. Mpelekee unga.

Ijumaa hii inayofuata majivu tutasoma Isaya, sura ya 58. Naomba kila mwenyekiti aisome nyumbani kabla ya Ijumaa, polepole, aya kwa aya. Watu wanamlalamikia Mungu: tumefunga, mbona huoni? Na Mungu anawajibu kwa ukali. Anawaambia siku ya kufunga kwenu mnatafuta anasa zenu na kuwalemea wote wanaowafanyia kazi. Tusimame hapo kidogo. Wangapi kati yetu tuna dada wa kazi nyumbani? Wangapi tunamdai afuate saa zetu za sala, huku mshahara wake wa Januari haujatoka? Binti wa watu ametoka Iringa au Singida, analala wa mwisho, anaamka wa kwanza, na Dominika tunamwacha alinde nyumba tukienda Misa. Na yeye ni Mkatoliki, amebatizwa, jina lake limo kwenye daftari la parokia ya kwao. Yuko fundi tuliyemwambia "njoo wiki ijayo" mara nne. Yupo kijana wa bodaboda tunayemkopa nauli. Kwa Isaya, mfungo unaanzia kwenye madeni hayo. Nawasihi, kabla ya Jumatano, mwenye deni la jasho la mtu alilipe, au akaketi naye wapange kulipa.

Kisha nabii anataja saumu ambayo Mungu ameichagua: kufungua vifungo vya uovu, kuwagawia wenye njaa chakula, kumpokea asiye na pa kulala. Anamalizia kwa maneno ambayo mimi hayaniachi kila mwaka yanaposomwa: usijifiche na mtu mwenye damu moja nawe.

Ndugu zangu, jumuiya zetu zimeanza kujificha.

Tukumbuke zilianzaje. Mwaka 1973 maaskofu wa nchi zetu za Afrika Mashariki, chini ya shirikisho lao, AMECEA, walikutana Nairobi wakapanga namna ya kuliendesha Kanisa katika miaka iliyofuata, na mwaka 1976 wakazifanya Jumuiya Ndogo Ndogo kuwa kipaumbele cha uchungaji. Waliona parokia ni kubwa mno. Watu mia kadhaa wanakaa kanisa moja hawajuani, wanapeana amani na kutawanyika. Wakataka Kanisa lishuke mtaani, familia chache za majirani zisome Injili pamoja, zijue nani anaumwa, nani amefiwa, mtoto wa nani ameacha shule. Nimeishi katika jumuiya hizo maisha yangu yote ya utu uzima na nazipenda. Nimeona wagonjwa wakioshwa na majirani kwa zamu. Nimeona watoto yatima wakigawanwa katika nyumba tatu ili wasitoke mtaani kwao na shuleni kwao.

Lakini nendeni mkawaulize wale waliokoma kuja. Jibu nililolisikia mara nyingi kuliko yote ni hili: "Jumuiya ni michango." Mchango wa ujenzi, mchango wa jimbo, wa sikukuu ya somo wa jumuiya, yaani mtakatifu msimamizi wake, wa sare, wa zawadi ya padre anayehama, wa kumpokea anayekuja. Katibu anasimama na daftari, anasoma majina ya waliotoa na kiasi, halafu anasoma ya wasiotoa. Mama anayeuza maandazi, ambaye mtaji wake wote unakaa kwenye ndoo moja ya unga, anasikia jina lake likisomwa mbele ya wapangaji wenzake. Jumamosi inayofuata hasali nasi. Inayofuata pia. Baada ya miezi mitatu tunasema amepoa imani. Hajapoa. Ameona aibu.

Nisieleweke vibaya. Kulitegemeza Kanisa ni wajibu wetu, ni mojawapo ya Amri za Kanisa, na paa hili linalotukinga jua limejengwa kwa shilingi za watu maskini. Padre anakula, umeme unalipwa, seminari zinaendeshwa. Sisemi michango iishe. Nasema majina yasisomwe. Anayepokea mchango aandike na atoe stakabadhi, basi. Asiyeweza, mwenyekiti amfuate kwake jioni, wawili tu, amuulize hali yake kabla ya kumuuliza fedha. Na sala za jumuiya zianze na Injili na ziishe kwa sala, matangazo ya fedha yasizidi dakika tano. Mkitaka toba ya jumuiya kwa siku hizi za Kwaresima, mimi napendekeza hiyo.

Lipo jambo zito zaidi, la misiba. Mnajua linavyokuwa. Mtu amefariki usiku Muhimbili au Amana, asubuhi ndugu wanakuja ofisini, wanaulizwa barua ya jumuiya. Wanakwenda kwa mwenyekiti, mwenyekiti anafungua daftari, anasema marehemu alikuwa hasali jumuiya, anadaiwa. Na hapo mjane anaanza kulia vilio viwili. Barua ya jumuiya ina maana yake: inamsaidia padre kumjua anayemzika. Lakini Sheria ya Kanisa, kanuni ya 1176, inasema waamini marehemu wafanyiwe mazishi ya Kikanisa. Kanuni ya 1184 inawataja wanaonyimwa, kama vile aliyeikana imani hadharani, tena nao ikiwa hawakuonyesha dalili yoyote ya kutubu kabla ya kufa. Isomeni yote, hamtaona mahali panapomtaja aliyedaiwa mchango. Panapokuwa na shaka, anayeulizwa ni Askofu, na ushauri wake ndio unaofuatwa. Hakuna mwenyekiti wala katibu aliyepewa mamlaka ya kuamua nani azikwe na padre. Nilihudhuria msiba mmoja, si hapa kwetu, ambapo ndugu walilazimika kuchangishana makaburini ili kufuta deni la marehemu ndipo sala ziendelee. Wale vijana wa marehemu sijui kama wataingia tena kanisani. Nawaomba kwa unyenyekevu wote: lisitokee tena katika kanda yoyote ya parokia hii. Kama mtu alipotea miaka miwili jumuiya isimtafute, basi siku ya kumzika ni siku ya jumuiya kuomba radhi.

Na tusisahau walio katika huzuni sasa hivi. Zipo familia mjini hapa zinazoomboleza tangu zile siku za uchaguzi wa Oktoba 2025. Baadhi hawajazungumza na mtu. Mkijua nyumba ya namna hiyo katika eneo lenu, nendeni mketi nao. Msiende na maoni, nendeni na rozari na sukari kilo mbili.

Sasa niseme juu ya kundi ambalo ni kubwa kuliko yote, wanaoishi pamoja bila ndoa kubarikiwa. Wanajumuiya wenzetu hawa wana watoto, wana miaka kumi pamoja, kumi na mitano, na hawapokei Ekaristi. Wengi wamekata tamaa wakaona wao hawahesabiki. Kwanza tuwaambie ukweli wa Kanisa: hawajafukuzwa. Mtakatifu Yohane Paulo II, katika hati yake juu ya familia ya mwaka 1981, Familiaris Consortio, aliwaza hata wale ambao ndoa zao zilivunjika wakaingia maisha mengine, ambao hali yao ni ngumu zaidi. Aliagiza waalikwe kusikiliza Neno la Mungu, kuhudhuria Misa, kudumu katika sala, kushiriki matendo ya huruma, kuwalea watoto wao katika imani. Kama hao wanaalikwa, inakuwaje mama wa jumuiya yetu aambiwe asisome somo wala asiongoze rozari, hata asipike chai siku ya somo wa jumuiya, kwa sababu "hana ndoa"?

Pili, tuwasaidie wafunge ndoa. Ukiwauliza wengi kwa nini hawajabariki, hawasemi hawapendani. Wanasema, "Hatujajipanga." Maana yake ukumbi, kamati, kadi, gauni, mshereheshaji, keki, magari. Vijana wa mji huu wamefundishwa kwamba harusi bila milioni kadhaa ni aibu, kwa hiyo wanaishi bila sakramenti miaka na miaka wakingoja fedha ambazo haziji. Kanisa halikudai hata kimoja katika vitu hivyo. Kanuni ya 1108 inataka wawili waliokubaliana kwa hiari, mbele ya padre au shemasi mwenye mamlaka, na mashahidi wawili. Wanaweza kufunga ndoa Misa ya asubuhi ya siku ya kazi, wakala chai kwa jirani, wakaenda kazini mchana, na ndoa yao ni ndoa sawa na ya mwenye magari kumi.

Kwa desturi yetu ndoa hazifungwi Kwaresima, tunangoja Pasaka. Lakini wiki hizi ni za kuandaa. Shughuli huwa inakwama kwenye vyeti. Cheti cha ubatizo kwa ajili ya ndoa kinatakiwa kiwe kipya, kitolewe na parokia aliyobatizwa mtu, na wengi wetu tumebatizwa mbali: Ruvuma, Kilimanjaro, Kagera, Rukwa. Barua iende, katekista wa huko atafute daftari la mwaka 1990 na kitu, aandike, atume. Hapo mwezi umekwisha. Anayeanza wiki hii atakuwa na karatasi zake kabla ya Pasaka, mafundisho ameshayamaliza, na matangazo ya Dominika tatu yanaweza kusomwa. Makatibu, mnajua kuandika barua, wasaidieni. Kama kuna mahari haijaisha, wazee wa jumuiya wavae viatu waende wakaongee na wazee wenzao. Wazazi wengi wanalegea wakiona watu wazima wamekuja kwa heshima. Na Baba Paroko amekubali ziwepo ndoa za pamoja baada ya Pasaka, bila gharama ya ukumbi, WAWATA na UWAKA watapika hapa uwanjani.

Mwaka huu tuko Mwaka A wa Liturujia, wa kwanza katika mzunguko wa miaka mitatu wa masomo ya Misa, na hilo ni zawadi kwetu. Injili za Dominika ya tatu, ya nne na ya tano ni zile Kanisa lilizowasomea wakatekumeni, yaani wanaojiandaa kubatizwa, tangu zamani: Mwanamke Msamaria, kipofu wa kuzaliwa, na Lazaro. Naomba jumuiya zote zizisome katika sala za wiki, siyo kuzisikia kanisani tu.

Tarehe 8 Machi tutamsikia Msamaria. Anakwenda kisimani saa sita mchana, peke yake, jua la utosi. Injili haituelezi kwa nini, lakini ninyi akina mama mnaojua foleni ya maji mnajua wanawake huenda asubuhi au jioni, tena kwa makundi. Ameolewa mara tano na anayeishi naye si mume wake. Yesu anajua yote hayo. Na anaanza kwa kumwomba maji. Alimkuta pale alipokuwa, akampa nafasi ya kumsaidia, ukweli ukafuata baadaye, bila watu kukusanyika kumsikiliza akiumbuliwa. Mwisho wa yote ni yule mwanamke aliyekwenda kuuleta mji mzima kwa Yesu. Katika kila jumuiya yenu yupo anayechota saa sita mchana.

Tarehe 15 ni yule kipofu. Huwa tunasimulia jinsi alivyoponywa tukaishia hapo, ila habari inaendelea. Mafarisayo walimhoji, wakawahoji wazazi wake, wazazi wakaogopa, na mwishoni wakamtoa nje. Yohane anaandika kwamba Yesu alisikia kuwa wamemtoa nje, na alipomkuta akaongea naye juu ya imani. Aliyefukuzwa na viongozi wa dini alitafutwa na Bwana mwenyewe. Sisi tulioketi hapa tukiwa na vyeo vya jumuiya tuisome sehemu hiyo mara mbili.

Na tarehe 22 tunasimama kwenye kaburi la Lazaro. Yesu anafanya lile ambalo sisi hatuwezi, anamwita atoke. Lakini jiwe waliliondoa watu. Na Lazaro alipotoka amefungwa sanda miguu na mikono, Yesu hakumfungua kwa mikono yake. Aliwaambia waliokuwapo: mfungueni, mkamwache aende zake. Jiwe na sanda, kazi zote mbili, ziliachiwa majirani. Kazi yetu katika Kwaresima hii ni hizo hizo.

Wakatekumeni wetu watabatizwa Mkesha wa Pasaka, usiku wa tarehe 4 Aprili. Wamisionari wa Afrika walipoingia bara huko nyuma, mwanzilishi wao, Kardinali Lavigerie, aliwataka wasimbatize mtu mzima kabla ya miaka minne ya kufundishwa, na wakatekumeni wa siku zile walitembea siku nzima kwenda mafundisho. Wa leo wanakuja baada ya kazi wamechoka, wengine bila nauli. Kila mmoja wao ana jumuiya. Wasimamizi wao wasiwe wa jina tu. Mualikeni mkatekumeni wako chakula, mfundishe kusali rozari, mpitie Dominika mje naye Misa. Wengi tunawapoteza mwaka wa kwanza baada ya ubatizo kwa sababu hakuna aliyewazoea.

Mwaka huu pia Kwaresima na Ramadhani zinaanza karibu siku moja. Sisi tunapakwa majivu, majirani zetu Waislamu wanatazama mwezi. Hapa Dar hatuishi kwa mitaa ya dini, tunagawana ukuta, bomba na choo. Basi tuwe na adabu ya mfungo wao. Mama ntilie wa Kikristo anajua namna ya kufunika biashara yake mchana. Tusiweke muziki wa kelele saa ya kufuturu. Na mkipelekewa uji au kaimati jioni, pokeeni kwa mikono miwili na msirudishe bakuli tupu. Idi nayo itatukuta bado tuko Kwaresima, na huenda ikaangukia Ijumaa. Watoto wenu wataletewa pilau la nyama. Msimkatalie jirani mlangoni kwa jeuri ya sheria. Kanuni ya 1245 inampa paroko uwezo wa kumruhusu mtu, au kumbadilishia toba yake kwa tendo lingine jema, penye sababu ya haki. Mumuulize Baba Paroko mapema. Tena tujifunze kwao jambo moja: wao hawafungi kivyao. Mtaa mzima unajua saa ya daku na saa ya futari, na mgeni hakosi sahani.

Njia ya Msalaba kila Ijumaa saa 11 jioni, hapa kanisani. Ombi langu ni kwamba mara moja kwa Kwaresima kila jumuiya iifanye mtaani kwake, vituo vyote 14, na vituo vichache visimame kwenye milango ya wagonjwa na wazee wasiotoka. Ombeni ruhusa ya mwenye nyumba kwanza, na mumjulishe mjumbe wa mtaa. Mzee aliyelala kitandani mwaka mzima akisikia kituo cha Simoni wa Kirene kikisaliwa dirishani kwake, anajua hajasahauliwa. Siku hiyohiyo andikeni jina la kila mgonjwa anayetaka Mpako Mtakatifu au Komunyo, mlete ofisini.

Kwa wanakwaya nina moja tu: ala za muziki Kwaresima ni za kushikilia sauti za waimbaji. Vinanda vya mbwembwe vingoje, isipokuwa Dominika ya nne na sherehe, kama ya Mtakatifu Yosefu tarehe 19 Machi.

Kitubio tusikiache hadi Juma Kuu. Mapadre watakaa kitubioni kila Jumatano na Ijumaa jioni, na Jumamosi asubuhi. Na hapa nirudi kwa wale wasioonekana, kwa sababu wapo ambao hawajatukosea wala hatujawakosea, ni saa zetu tu zinazowatoa nje. Jumuiya inasali Jumamosi saa 12 asubuhi. Saa hiyo anayechuuza samaki Feri yuko mnadani tangu alfajiri. Mlinzi ndiyo anatoka lindo. Muuguzi ameingia zamu. Tumewaandika watoro kwa miaka. Kila kanda naomba ipange saa ya pili ya sala, jioni moja ya katikati ya wiki, kuanzia wiki hii hadi Pasaka, na tuone nani atakuja. Baba Paroko amesema atakaa kitubioni hadi saa 3 usiku Ijumaa mbili za mwezi wa tatu, kwa ajili ya wanaochelewa kazini.

Namalizia na kazi yenyewe. Katibu wa parokia atagawa karatasi mlangoni, moja kwa kila jumuiya. Jazeni majina ya walioacha kusali nasi, bila kuandika sababu wala deni. Karatasi hizo ni siri, zinakuja kwangu au kwa Baba Paroko tu. Kuanzia Jumamosi ya tarehe 21 nendeni wawili wawili, mmoja mwanamke na mmoja mwanamume inapowezekana, na asiwepo mwenye ugomvi na mwenye nyumba. Msiende na bahasha. Siku ya kwanza msalimie, muulize hali ya watoto, msali pamoja kama ataridhia, muondoke. Akiwaambia maneno makali, yapokeeni. Tutakutana hapa Dominika ya tarehe 8 Machi baada ya Misa ya pili, tusikilizane mmekuta nini.

Misa za Majivu ni saa 12 asubuhi, saa 6 mchana na saa 11 jioni. Baba Paroko, karibu utupe baraka.